UZI: 1968, mwaka ambao warushaji wa besiboli walibana mpaka sheria ikabadilishwa

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Najua wengi humu ni watu wa Simba na Yanga, Gor na AFC, na besiboli mnaiona kwenye filamu tu. Naomba mnivumilie. Nimeishi St. Louis miaka kadhaa, na miwili ya mwanzo nilifanya kazi ya usiku kwenye ghala. Nilikuwa napakia mizigo na mzee mmoja mzaliwa wa pale, ambaye mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka 14. Kila usiku, tukikaa kula saa nane, ananisimulia mtu mmoja tu: Bob Gibson, mrushaji wa timu ya St. Louis. Mwanzoni nilisikiliza kwa heshima ya umri wake. Baadaye nikaanza kuuliza maswali. Sasa ni mimi ninayewachosha wengine.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja: kazi aliyoifanya Gibson msimu wa 1968 ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na mrushaji ndani ya msimu mmoja, na mechi 9 alizopoteza mwaka huo zinathibitisha hilo kuliko hata 22 alizoshinda. Mwenye hoja tofauti aje, nafasi ipo.

Kwanza picha ya mwaka wenyewe. Tarehe 4 Aprili, Martin Luther King anauawa Memphis. Msimu ulikuwa uanze siku chache baadaye. Wachezaji wengi, hasa weusi, wakakataa kuingia uwanjani kabla mazishi hayajafanyika, na mechi za ufunguzi zikasogezwa mbele. Gibson alikuwa mtu mweusi kutoka Omaha, Nebraska. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, utotoni aliugua sana, na kaka yake mkubwa ndiye aliyemlea kimichezo. Chuoni Creighton alicheza kikapu, kisha akapita kidogo Harlem Globetrotters kabla ya kubaki kwenye besiboli moja kwa moja. Mwaka 1967, Roberto Clemente alipiga mpira uliokwenda moja kwa moja mguuni kwake na kumvunja mfupa. Gibson akasimama, akaendelea kurushia wapigaji wengine mpaka mguu ukakataa kabisa. Huyo ndiye mtu aliyeingia 1968.

Sasa namba. Alianza mechi 34 akamaliza 28 mwenyewe, kitu ambacho leo hukioni. Kocha hakumtoa hata mara moja katikati ya awamu. Alirusha awamu 304 na theluthi mbili. Mechi 13 alitoka bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Wastani wake ukawa mikimbio 1.12 kwa kila awamu 9, yaani kwa kila mechi nzima. Tangu mwaka 1920, mpira wa besiboli ulipobadilika na kuwa rahisi kupigwa mbali, hakuna mrushaji wa ligi kuu aliyeshuka kufikia hapo kwa msimu mzima.

Mwezi Juni pekee, mechi tano mfululizo, wapinzani sifuri. Awamu 47 zilipita bila mtu kufika nyumbani. Na unajua zilikatikia wapi? Los Angeles, tarehe 1 Julai, awamu ya kwanza, mpira wake mwenyewe ulipomtoroka mdakaji na mtu akakimbia kutoka besi ya tatu. Mkimbio wenyewe haukuletwa na mpira uliopigwa. Mechi yenyewe St. Louis walishinda 5-1.

Nitaendelea. Karibuni.

#2

Mkuu, uzi mtamu ila nusu yake sijaelewa. Mrushaji anashindaje mechi? Awamu ni nini? Tuanzie chini.

#3 – Mleta uzi

Haki yako kabisa, mkuu, nilikimbia.

Mrushaji ni yule anayesimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu cha udongo, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji yuko mwamuzi. Mpira ukipita kwenye eneo halali bila kupigwa, au mpigaji akiupiga upepo, hiyo ni straiki. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana kazi. Kila timu ikishapiga na kurusha mara moja, hiyo ni awamu moja, na mechi ina awamu 9.

Mpigaji akifanikiwa anakimbilia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha nyumbani. Akifika nyumbani, ni mkimbio mmoja, ndiyo bao la mchezo huu. Ule wastani wa 1.12 ni mikimbio ambayo mrushaji mwenyewe anabebeshwa, bila ile iliyotokana na makosa ya wenzake. Mrushaji wa kawaida wa ligi kuu siku hizi yuko kwenye 4 na ushee. Kwa hiyo mfikirie golikipa ambaye kila mtu anafungwa mabao manne, yeye anafungwa moja.

Halafu mechi ikiisha, kushinda au kupoteza huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja wa kila upande. Hapo ndipo dhuluma inapoingia, na ndiyo maana nimesema hizo mechi 9 zitazameni vizuri.

#4

Mimi nipo Michigan, mkuu, na huku ukitaja 1968 jina ni Denny McLain, mrushaji wa Detroit. Alishinda mechi 31 akapoteza 6. THELATHINI NA MOJA. Kabla yake aliyefikisha 30 ni Dizzy Dean mwaka 1934, na baada yake hakuna mpaka leo. Gibson wako ana 22. Mbona hesabu iko wazi?

#5 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Michigan, nilikuwa nakusubiri.

McLain simvunjii heshima. 31 ni 31. Siku ya ushindi wa 30, tarehe 14 Septemba, dhidi ya Oakland, Dizzy Dean mwenyewe alikuwepo uwanjani. Detroit walikuwa nyuma mpaka awamu ya mwisho wakageuza wakashinda 5-4. Na uelewe ule mji ulikuwa umetoka wapi: Julai 1967 Detroit iliwaka moto, watu 43 walikufa. Timu ile kushinda mwaka uliofuata lilikuwa jambo zito kwa watu wa pale.

Lakini soma ulichoandika na nilichoandika. Mechi ya 30 ya McLain aliruhusu wapinzani wapate 4 na bado akashinda, kwa sababu wenzake walipiga. Sasa njoo kwa Gibson. Mwishoni mwa Mei rekodi yake ilikuwa kushinda 3, kupoteza 5. Mtu mwenye wastani wa chini ya mikimbio 2 kwa mechi, amepoteza nyingi kuliko alizoshinda! Tarehe 22 Mei alipoteza 2-0 mbele ya Don Drysdale, mrushaji wa Los Angeles. Tarehe 17 Septemba alipoteza 1-0 kule San Francisco, na mkimbio huo mmoja ulitoka kwenye gongo la Ron Hunt, ambaye msimu mzima alipiga homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja) mbili tu. Mbili! Moja akaichagulia siku ile.

Mwenzake upande wa pili, Gaylord Perry, siku hiyo hakuruhusu kipigo halali hata kimoja, yaani hakuna aliyeupiga mpira wake akafika besi kwa pigo hilo. Unamrushia mtu kama huyo, wewe unaruhusu mkimbio mmoja, halafu vitabu vinaandika "kapoteza". Mrushaji akipewa sifuri na wenzake hawezi kushinda, hata awe malaika. McLain alikuwa na wastani wa 1.96, mzuri sana, lakini nyuma yake kulikuwa na timu inayopiga.

Siku hizi wenyewe wameelewa. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alishinda 10 akapoteza 9, na bado akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa sababu wastani wake ulikuwa 1.70. Mwaka 1968 mtu wa ushindi 10 asingetazamwa mara mbili.

Nimalizie kisa cha San Francisco. Kesho yake mchana, uwanja uleule, Ray Washburn wa St. Louis akapanda kichuguu naye akawanyima San Francisco kipigo halali mpaka mwisho. Timu mbili kunyimana vipigo halali kwa zamu, mechi mbili mfululizo. Haikuwa imewahi kutokea.

#6

Duh. Huyo Drysdale naye vipi? Umemgusa ukamwacha.

#7 – Mleta uzi

Drysdale alistahili uzi wake. Kati ya 14 Mei na 4 Juni mwaka huohuo alitoka mechi SITA mfululizo bila kuruhusu mkimbio. Jumla awamu 58 na theluthi mbili. Rekodi ilidumu miaka 20 mpaka Orel Hershiser, naye wa Los Angeles Dodgers, alipofika 59 mwaka 1988.

Kuna mechi moja katikati, 31 Mei dhidi ya San Francisco, ambayo wazee wanabishania hadi leo. Awamu ya tisa, besi zote tatu zimejaa, hakuna aliyetoka. Mpira wa Drysdale ukampiga mpigaji Dick Dietz mkononi. Kwa kawaida mpigaji akipigwa na mpira anapewa besi ya kwanza, wa tatu anasukumwa nyumbani, rekodi imekufa. Mwamuzi Harry Wendelstedt akasema hapana, Dietz hakujaribu kukwepa, rudi upige. San Francisco wakawaka. Dietz akarudi, akatolewa, na Drysdale akawamaliza na wawili waliofuata. Mimi naamini mwamuzi alikuwa sahihi kisheria, kwa sababu sheria inamtaka mpigaji akwepe, ila ni uamuzi ambao nadra kumwona mwamuzi akiutoa.

Na usiku wa 4 Juni, Drysdale aliposhinda ya sita pale Los Angeles, Robert Kennedy alikuwa kwenye Hoteli ya Ambassador mji huohuo akishangilia ushindi wake wa kura za mchujo wa California. Alianza hotuba kwa kumpongeza Drysdale. Dakika chache baada ya kushuka jukwaani akapigwa risasi. Yule mzee wa ghalani alinisimulia hili akanyamaza, tukarudi kazini bila kumaliza chakula.

#8

Mkuu, naona unakwepa jambo. Mwaka ule wote walikuwa wakali: Gibson, McLain, Drysdale, Luis Tiant wa Cleveland na 1.60 yake, Catfish Hunter wa Oakland na mechi kamilifu (hakuna mpinzani aliyefika besi) akiwa na miaka 22. Wote kwa pamoja? Tatizo lilikuwa uwanja. Kichuguu kilikuwa kirefu na mwamuzi alikuwa anatoa straiki kuanzia mabegani. Hata mimi ningeng'ara.

#9 – Mleta uzi

Hoja nzito, na siikwepi.

Ni kweli kichuguu kiliruhusiwa kufika inchi 15, sentimita 38. Ni kweli tangu 1963 eneo la straiki lilitanuliwa, kutoka juu ya mabega mpaka chini ya magoti. Mrushaji anarusha kutoka juu, mpira unashuka kama jiwe kutoka ghorofani, na mpigaji analazimika kulinda eneo refu. Matokeo yake ligi nzima ilikauka. Ligi ya American, moja ya mbili zinazounda ligi kuu, ilikuwa na mpigaji mmoja tu aliyevuka 0.300, Carl Yastrzemski wa Boston, na alipata 0.301, yaani alifanikiwa mara tatu katika kila kumi. Bingwa wa upigaji! Mwezi Aprili Houston na New York Mets walicheza awamu 24 ndipo likapatikana moja, 1-0. Mechi ya nyota wote mwezi Julai nayo iliisha 1-0.

Lakini mkuu, kichuguu kile hakikuwa cha Gibson peke yake. Kila mrushaji alipanda palepale. Wastani wa warushaji wote wa ligi kuu mwaka ule ulikuwa kama 3 hivi. Yeye 1.12. Aliuzidi wastani wa wote waliokuwa na faida ileile, kwa zaidi ya mara mbili.

Na baada ya msimu wakubwa wa mchezo wakakaa wakakata kichuguu kutoka inchi 15 mpaka 10, wakapunguza na eneo la straiki, toka kwapani mpaka juu ya magoti. Watu wengi huita mabadiliko hayo sheria ya Gibson, ingawa ukweli yalisababishwa na warushaji wote kwa pamoja. 1969 ikaja na kichuguu kifupi. Gibson? Ushindi 20, wastani 2.18. Mwaka 1970 akashinda 23 akachukua Cy Young tena. Aliyetegemea inchi tano za udongo hafanyi hivyo.

#10

Ungeniruhusu nikuwekee jina moja: Pedro Martínez, Boston, mwaka 2000. Wastani 1.74. Unaonekana mkubwa kuliko 1.12, lakini ligi yake ilikuwa na wastani wa karibu 5, wapigaji wamejaa misuli, viwanja vidogo, vichuguu vifupi. Aliyemfuata kwenye ligi ile ni Roger Clemens, 3.70. Aliyeshika nafasi ya PILI yuko mbali naye kwa karibu mikimbio miwili. Ukipima mtu na mazingira yake, Pedro anampita Gibson. Jibu hilo.

#11 – Mleta uzi

Hii ndiyo hoja inayoninyima usingizi. Nimeirudia mara nyingi.

Nakubali nusu. Kwa kila mpira mmoja uliorushwa, ukiniuliza nani alikuwa mgumu kupigwa kulinganisha na zama zake, ni Pedro 2000. Siwezi kubisha, namba zake za mwaka ule huzioni kwa mtu mwingine.

Lakini Pedro alirusha awamu 217. Gibson 304 na theluthi mbili. Tofauti ni karibu awamu 88, sawa na mechi tisa nzima na zaidi. Hizo awamu Boston walizijaza na warushaji wengine, watu wa kawaida. St. Louis hawakuhitaji. Gibson alikuwa anazirusha mwenyewe, za saba, za nane, za tisa, mkono umechoka, wapigaji wamemwona mara tatu au nne siku hiyo na wanajua anachokuja nacho. Uzito wa msimu mzima, kwangu mimi, unabaki kwake. Ila tukisema "kwa ukali", chukua Pedro, na nitakuunga mkono popote.

#12

Sasa mwisho wake ulikuwaje? Alichukua kombe?

#13 – Mleta uzi

Hapana, mkuu. Na hapa ndipo panauma.

World Series, yaani fainali ya ligi kuu ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne, mwaka ule ikawakutanisha St. Louis na Detroit, Gibson na McLain uso kwa uso. Mechi ya kwanza, 2 Oktoba, St. Louis. Gibson akawatoa watu 17 kwa straiki tatu. Rekodi ilikuwa 15, ya Sandy Koufax mwaka 1963. Awamu ya tisa alipomtoa Al Kaline akafikisha 15, uwanja ukalipuka. Mdakaji wake, Tim McCarver, akasimama na mpira mkononi, akawa anamwonyesha ubao wa matokeo aone alichofanya. Gibson hakuelewa kelele ni za nini, akawa anamhimiza arudishe mpira waendelee na kazi. Hatimaye akageuka, akasoma, akagusa kofia yake. Kisha akamtoa Norm Cash, wa 16. Kisha Willie Horton, wa 17, kwa mpira uliomfanya Horton arudi nyuma akidhani unampiga, kumbe unakata kuingia katikati. Mechi ikaisha hapo, 4-0. Rekodi ile bado imesimama.

Mechi ya nne akashinda tena, 10-1, na akapiga homurani yeye mwenyewe. St. Louis wako mbele 3-1. Kila mtu kashajua bingwa.

Detroit wakashinda ya tano, wakashinda ya sita. Ya saba, 10 Oktoba, Gibson kichuguuni, na upande wa pili Mickey Lolich, mtu wa kitambi kidogo aliyepumzika siku mbili tu. Awamu sita zikapita 0-0. Ya saba, wawili wametoka, wawili wako kwenye besi, Jim Northrup akaupiga mpira mrefu katikati. Curt Flood, mmoja wa walinzi bora kabisa wa eneo lile, akapiga hatua mbele. Aliposhtuka na kugeuka, mguu ukateleza kidogo, mpira ukampita kichwani. Wawili wakafika nyumbani. Detroit 4, St. Louis 1. Lolich akawa ameshinda mechi tatu za fainali moja.

Gibson hakumlaumu Flood, siku ile wala baadaye. Mzee wangu wa ghalani alikuwa anasikiliza redio chumbani siku hiyo. Alipofika hapo kwenye simulizi alikuwa anaonyesha kwa mkono ile hatua moja ya mbele, kila mara.

#14

Mkuu, mimi ni mwalimu wa michezo hapa Dar. Nimeona vijana wa Azania wakicheza besiboli, nami ninao wanafunzi kumi na moja wanaoipenda, ila uwanja hatuna, tunatumia wa mpira. Nataka niwajengee kichuguu. Hiyo inchi 10 inapimwaje?

#15 – Mleta uzi

Mwalimu, umenifurahisha kuliko mchango wowote humu.

Inchi 10 ni sentimita 25 na kidogo. Haipimwi kutoka kwenye nyasi za jirani, inapimwa kutoka usawa wa besi ya nyumbani mpaka juu ya kile kibao cheupe ambacho mrushaji anakanyaga. Kwa hiyo funga kamba besi ya nyumbani, ivute mpaka kwenye kibao, iwe sawa kabisa kwa timazi ya maji, ndipo upime kwenda juu. Umbali kwa watu wazima ni futi 60 na inchi 6, mita 18.44. Mbele ya kibao udongo ushuke polepole, usikatike kama ngazi, maana hapo ndipo mguu wa mbele unatua.

Ila kama wanafunzi wako hawajazidi miaka 12, usianze na hiyo. Wenzao wa Little League wa umri huo wanarusha kutoka futi 46, mita 14. Weka kichuguu kifupi zaidi au hata bapa, na wahesabie idadi ya mipira kwa siku, mabega ya watoto yanaharibika mapema. Tumia udongo wa mfinyanzi juu, ushindilie ukiwa na unyevu, na siku za mvua ufunike kwa turubai.

Ukimaliza tuwekee picha hapa.